Uhandisi wa umeme mwaka wa pili na programu ya uongozi ya mwaka mzima: vinakwenda pamoja?

#1 BintiWaKyela
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, chuo kimoja hapa Dar. Mwaka wa kwanza nimeumaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.9 kati ya 5, sina sapu (mtihani wa marudio). Niliomba nafasi kwenye programu ya uongozi kwa wanafunzi na jana wamenijibu kwamba nimepita.

Ratiba yao: kila Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kikao cha mtandaoni Jumatano usiku, na mradi wa jamii ambao lazima ukamilike kabla ya UE (mitihani ya mwisho) za muhula wa pili. Juu ya hapo mimi ni CR (mwakilishi) wa darasa, na kuna watu wananisukuma nigombee ubunge wa serikali ya wanafunzi.

Sitafuti cheti cha kutundika ukutani. Kijijini kwetu nguzo za umeme zimefika nikiwa kidato cha pili, na niliona jinsi watu walivyokosa mtu wa kuwaeleza gharama za kuunganishwa na kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kazi hiyo inataka mhandisi anayeweza kusimama mbele ya mkutano wa kijiji akaeleweka. Ila mwaka wa pili una saketi, una mashine za umeme, una kalkulasi ya vigeu vingi. Mliopita njia hii, vinakwenda pamoja? Kuthibitisha mwisho Ijumaa.

#2 Nyuzi_Tisini
Haviendi. Mwaka wa pili uhandisi ndipo watu wanapodisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Piga msuli kwanza, uongozi utaukuta mtaani.

#3 MzeeWaYombo
Usimtishe mtoto wa watu. Museveni alikuwa rais wa DARUSO, serikali ya wanafunzi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, na digrii yake akaimaliza. Leo yuko wapi?

#4 Chaki_Nyeupe
Mzee #3, tuiweke historia sawa. Museveni hakuongoza DARUSO, wakati ule haikuwapo. Aliongoza USARF, umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kimapinduzi ulioanzishwa 1967, akiwa anasoma siasa na uchumi, akamaliza 1970. Haukuwa serikali ya wanafunzi, ulikuwa kikundi cha kusoma na kujadili.

Mfano unaomfaa Binti ni Karim Hirji. Alikuwa anasoma hisabati hapo hapo Mlimani, na ni mmoja wa wahariri walioanzisha jarida la Cheche la USARF mwaka 1969. Mwaka uliofuata umoja na jarida vyote vikapigwa marufuku. Hisabati hakuiacha: alifundisha, akaenda kusoma zaidi nje, na baadaye akawa profesa wa takwimu za tiba Muhimbili. Hisabati si somo la kusoma kwa kuvizia.

#5 MzeeWaYombo
Asante Mwalimu. Hoja yangu iko palepale: wote wawili walimaliza.

#6 Nyuzi_Tisini
Enzi zile wanafunzi walikuwa wachache, chakula bure, chumba bure. Leo binti anatoka Mabibo kwa foleni na bumu (hela ya mkopo) limechelewa. Msilinganishe.

#7 Kokotoa
Tutumie namba. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo mihadhara, maabara, kujisomea na mitihani. Mwaka ni krediti 120, kwa hiyo muhula ni 60, sawa na saa 600. Gawa kwa wiki 17 za muhula pamoja na mitihani, unapata kama saa 35 kwa wiki. Programu yake: Jumamosi saa 7, Jumatano tuseme 2, mradi tuseme 3. Jumla 12. Ukijumlisha zote ni 47. Mama lishe anafanya kazi kuliko hapo. Inawezekana kabisa.

#8 Daftari_la_Mwisho
Kokotoa, hizo 35 ni za kwenye karatasi. Nionyeshe mwanafunzi mmoja wa umeme anayemaliza ripoti za maabara, mazoezi ya nyumbani na testi tatu za wiki moja ndani ya saa 35. Halafu hujahesabu kusafiri, kufua, kupanga foleni ya maji, kuugua malaria.

#9 Fundi_Sanifu
Nimefanya kazi maabara ya umeme ya chuo miaka mingi, niseme ninachokiona. Tatizo la viongozi wa wanafunzi sijaliona kwenye jumla ya saa. Saa za uhandisi hazihamishiki, basi. Muhadhara ukiukosa utachukua desa (notisi) kwa mwenzako. Maabara ukiikosa imepita.

Chukua jaribio la jenereta isiyo na mzigo. Kundi la watu watano, mashine moja. Unapandisha mkondo wa uga, ule unaotengeneza sumaku ya mashine, kidogo kidogo, unasoma volti. Ukishaanza kupanda hurudi nyuma hata kama umeruka kipimo, kwa sababu chuma kinabaki na usumaku na vipimo vyako vinaharibika. Volti inapanda kwa mstari ulionyooka, halafu mahali fulani mstari unaanza kulala, unaongeza mkondo na volti haiongezeki kama mwanzo. Aliyekuwepo ameuona mkono wa mita ukigoma. Aliyekuwa kwenye kikao ananakili namba za wenzake, anachora mstari mzuri kuliko wote, na nikimuuliza kwa nini umelala hapa ananiambia "mita mbovu". Chuma kimeshiba sumaku, ndiyo jibu. Kwenye pepa swali hilo halikosi, na ripoti nzuri haikusaidii.

Kwa hiyo Binti, usiulize nina saa ngapi. Uliza vikao vyao vinaangukia wapi. Jumamosi haina maabara. Ubunge wa wanafunzi ndio huna uhakika nao, wanaitana wakati wowote.

#10 BintiWaKyela
Fundi, shikamoo. Hili la saa zisizohamishika sikuwa nimeliwaza hivyo. Maabara zetu ni Jumanne na Alhamisi mchana.

#11 WaziriMstaafu
Nimekuwa waziri wa mikopo kwenye serikali ya wanafunzi nikiwa mwaka wa tatu, uhandisi ujenzi. Fundi #9 kagusa mahali penyewe, ila naona kuna kingine kinachokula zaidi ya saa: kichwa.

Siku ya kusaini bumu majina yametoka, kuna watu hawamo. Saa kumi na mbili asubuhi simu imeshaanza. Unafika ofisini unakuta mstari umezunguka jengo. Yuko mtoto wa mwaka wa kwanza ametoka Kigoma, amelala kwa rafiki, hajala tangu jana, jina lake limekosewa herufi moja na namba ya mtihani wa kidato cha nne haioani. Unapeleka karatasi dirisha hili, wanakurudisha lile. Saa nane una testi ya mekanika ya udongo. Unaingia, unakaa, karatasi iko mbele yako, na unachokiona ni yule mtoto pale nje kwenye ngazi. Hakuna ratiba inayotibu hiyo. Ukiwa mtu unayejali watu, kazi inakufuata mpaka kitandani.

Nilimaliza na 3.4. Yule mtoto alisaini. Nikipewa tena nafasi ile naichukua.

#12 Nyuzi_Tisini
3.4 ni Lower Second. Hapo ndipo ninaposema.

#13 WaziriMstaafu
Ni Lower Second, na nimesajiliwa mhandisi mtaalamu ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi). Wewe Nyuzi una ngapi, tukuone?

#14 Nyuzi_Tisini
4.5 mkuu. Na sikuwa hata kiongozi wa meza ya chakula.

#15 Kokotoa
😂 Haya, tumsaidie Binti na hesabu ya GPA. Ana 3.9 kwa mwaka mmoja kati ya minne. Tuchukulie kila mwaka una krediti sawa. Akitaka First Class, yaani 4.4, miaka mitatu iliyobaki awe na wastani wa 4.5 tu. Akitaka kubaki Upper Second, 3.5, anaweza kushuka mpaka wastani wa 3.4 bado yuko salama.

#16 Daftari_la_Mwisho
Hiyo "4.5 tu" umeikata vibaya. 4.4 mara 4 ni 17.6, toa 3.9 inabaki 13.7, gawa kwa 3 unapata 4.57. Kwa wastani wa 4.5 kila mwaka atamaliza na 4.35 na atalia siku ya mahafali. Na kiwango anachopaswa kukiangalia si hicho peke yake. Kazi nyingi za mkufunzi msaidizi vyuoni zinatangazwa kwa 3.8. Kwa hapo anahitaji wastani wa 3.77, ambao ni chini kidogo ya alichonacho sasa. Kwa hiyo swali lake halisi ni je, programu hii itamshusha kiasi gani? Kama ni 0.1 tu, mlango wa kufundisha bado uko wazi.

#17 Mhariri_wa_Thika
Salamu kutoka Kenya. Huku uhandisi ni miaka mitano, na wengi wetu tuliongoza mwaka wa tatu na wa nne. Tuna Babu Owino, aliongoza SONU, umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na digrii yake ya hisabati za bima ni First Class. Hiyo kozi ni ngumu, muulize yeyote. Pia sheria ya vyuo vikuu iliporekebishwa 2016 tulianza kuchagua kupitia wajumbe, na kiongozi hapiti vipindi viwili. Kampeni za kuzunguka kila bweni usiku kucha zimepungua, ingawa wengine wanasema sauti ya mwanafunzi nayo imepungua.

#18 Daftari_la_Mwisho
Ndugu wa Thika, karibu. Lakini Babu Owino ni mmoja, na tunamjua kwa sababu alifanikiwa. Waliogombea pamoja naye wakarudia mwaka nani anawataja?

#19 Mhariri_wa_Thika
Kweli. Na waliodisko bila kuongoza chochote vilevile hatuwataji. Darasani kwetu walioondolewa karibu wote hawakuwa na cheo hata cha kuchukua mahudhurio.

#20 DaktariWaZamu
Niongeze upande wa udaktari, miaka mitano na mmoja wa mazoezi ya kazi. Niliongoza chama cha wanafunzi wa kozi yetu mwaka wa nne, ukiwa wodini. Raundi inaanza saa moja na nusu na bingwa anakuuliza wewe, kwa jina, mgonjwa wa kitanda namba tisa potasiamu yake ya jana ilikuwa ngapi. Huwezi kusema ulikuwa kwenye kikao. Kwa hiyo tulihamisha vikao vyote vikawa Jumapili alasiri, kwisha. Aliyetaka dharura Jumanne tulimwambia aandike.

Nadhani wengi wanaoanguka hawaangushwi na uongozi. Wanaangushwa na kushindwa kusema "hapana" kwa wenzao, na hiyo ungekuwa nayo hata ungekuwa kwaya ya kanisa. Uongozi unaifichua tu mapema.

#21 Chaki_Nyeupe
Daktari, unaweka mzigo wote kwa mwanafunzi. Kuna walioangushwa na wakubwa. Symonds Akivaga, rais wa DUSO (umoja wa wanafunzi wa Mlimani wakati ule), Mkenya, aliandika barua ya wazi kukosoa uongozi wa chuo Julai 1971, akatolewa kampasi na polisi na kusafirishwa kwao. Ratiba nzuri isingemsaidia. Sisemi programu ya Binti ni ya hatari hiyo, lakini ubunge wa wanafunzi una siku ambayo unatakiwa kusaini tamko, na jina lako linabaki kwenye jalada la mtu.

#22 MzeeWaYombo
Mwalimu anaturudisha darasani tena. Huyu lazima alikuwa CR.

#23 Chaki_Nyeupe
Nilikuwa. Na mahudhurio yako, Mzee, nilikuwa nayachukua kwa penseli.

#24 Mama_Wawili
Binti mwanangu, mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko chuo cha Dodoma na aliongoza. Kilichonisumbua kwake ni usiku. Kikao kinaitwa saa tatu, kinaanza saa nne, kinakwisha saa saba, na hapo bado hajala. Kwa mtoto wa kike ndiyo zaidi: anarudije hosteli? Wasichana wengi wanaacha uongozi wa chuo kwa sababu ya njia ya kurudi, halafu watu wanasema hawapendi uongozi. Waulize hao wa programu kikao cha Jumatano kinaisha saa ngapi, na uandikiwe. Na ule kabla.

#25 BintiWaKyela
Mama, asante sana. Cha Jumatano ni cha mtandaoni, saa mbili hadi saa nne, nitakuwa chumbani. Vikao vya ubunge ndivyo nilivyosikia vinafika usiku wa manane.

#26 Ajira_na_Haki
Nafanya usaili wa wahitimu kwenye kampuni ya miradi ya umeme. Kwetu cheti cha uongozi peke yake hakisogezi mtu. Namuuliza aliyekuja: ulisimamia nini, watu wangapi, kiliharibika nini, ukafanya nini? Anayejibu hilo kwa dakika tano bila kubabaika namkumbuka. Mhitimu akiingia kwenye mpango wa ERB wa miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi, kazi nyingi ni kuongea na mafundi wanaomzidi umri. Wenye GPA kubwa na ulimi mzito wanateseka pale.

#27 Nyuzi_Tisini
Ajira, naomba ufafanuzi. Mkipokea maombi mia tano, mnachuja kwa nini kabla ya kuwaita hao wa dakika tano?

#28 Ajira_na_Haki
Kwa GPA. Kawaida 3.0 kwenda juu, kazi nyingine 3.5.

#29 Nyuzi_Tisini
Sina la ziada.

#30 WaziriMstaafu
Unalo, na umeshalisema mara nne. 3.0 anayo hata akiongoza Umoja wa Mataifa.

#31 Fundi_Sanifu
Turudi kwa mwenye uzi. Binti ana vitu vitatu mkononi: programu, U-CR, na ubunge anaosukumiwa. Kila mtu hapa anapima programu, na mimi naona kinachommeza tayari ni U-CR. Nawajua ma-CR wetu. Projekta wao. Ufunguo wa chumba wao. Desa la mwalimu kulipeleka kwa mwenye fotokopi wao, kudai hela ya fotokopi kwa watu tisini wao. Mwalimu akiahirisha kipindi anampigia yeye, darasa zima linamtukana yeye kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna anayeiita kazi hiyo uongozi na inakula kila siku ya wiki, pamoja na Jumanne na Alhamisi.

#32 DaktariWaZamu
Naunga mkono. Amkabidhi makamu.

#33 Daftari_la_Mwisho
Siungi. U-CR ndio unaomfanya ajulikane na walimu, na anapata taarifa ya testi kabla ya wote. Akiuachia anapoteza kinga. Aachie wazo la ubunge, abaki na viwili.

#34 Mama_Wawili
Na mimi nasema abaki na kimoja. Lakini mtanisamehe, ni uoga wa mzazi.

#35 BintiWaKyela
Nimesoma zote, nashukuru wote. Ubunge nimeshawaambia hapana leo mchana, na kuna mmoja kaninunia. Kuhusu U-CR, makamu wangu ni kijana mzuri ila anaishi Gongo la Mboto na kipindi cha saa moja huwa hafiki. Nikimkabidhi projekta darasa litakaa gizani. Bado nawaza. Programu nimewaandikia kuwauliza kama Jumamosi ya wiki ya testi inaruhusiwa kukosa, sijajibiwa.

#36 Kokotoa
Projekta igawanywe kwa zamu za makundi ya maabara. Makundi matano, wiki kumi na tano, kila kundi wiki tatu.

#37 Nyuzi_Tisini
Kwa mara ya kwanza hesabu ya Kokotoa imetoka sawa. Binti, fanya hiyo. Na kama unathibitisha, nitakutumia desa langu la mashine za umeme, nililiandika mwenyewe kwa mkono, lina maswali ya nyuma yaliyotatuliwa. Nicheki pembeni.

#38 MzeeWaYombo
Nyuzi! Wewe si ulisema haviendi?

#39 Nyuzi_Tisini
Haviendi bila desa.

#40 Samaki_Nchi_Kavu
Jamani nimeuona uzi huu kwa kuchelewa. Mimi pia nimepita programu hiyohiyo, nasoma ukadiriaji majenzi mwaka wa pili. Kwenye barua yetu ukurasa wa tatu wameandika mradi wa jamii ufanywe na kundi la watu wasiopungua wanne, na mmoja awe wa kozi tofauti. Sisi tuko watatu na wazo letu ni usalama wa nyaya kwenye nyumba za kupanga huku Ubungo Kisiwani, hatuna mtu wa umeme. Binti, una kundi tayari?

#41 Fundi_Sanifu
Kama mnaingia kwenye nyumba za watu, msiguse saketi bila kipima volti na msiingie bila mjumbe wa nyumba kumi. Jumatatu asubuhi nipo maabara, njooni wote wanne niwaonyeshe jinsi ya kupima waya wa ardhi.